Kusoma miaka ya tumbawe kwa eksirei: kutoka kigogo hadi hesabu

Ukipasua mnazi hukuti pete za miaka. Ukipasua tumbawe la Porites, lile bonge la duara ambalo wazamiaji wetu hulikanyaga wakidhani ni mwamba tu, nalo hukuti kitu: ndani ni jeupe kote, kama chaki. Lipitishe kwenye eksirei ndipo mistari inapojitokeza, mmoja mzito, mmoja hafifu, mmoja mzito tena, mpaka unaweza kuweka kidole na kusema huu hapa ni mwaka ambao mtoto wangu alizaliwa.

Wengi wanaoanza kazi hii huihofia mashine. Mashine ndiyo sehemu rahisi. Kazi huharibikia kwenye msumeno, na hata ukipiga picha nzuri namna gani baadaye, huwezi kuiokoa. Kwa hiyo usishangae nikikaa sana kwenye ukataji kuliko kwenye eksirei yenyewe.

Unachosoma ni nini

Polipu, yaani vijidudu vinavyojenga tumbawe, vinaishi kwenye ngozi ya juu tu, milimita chache. Chini yao ni jiwe lisilo na uhai, aragonaiti (aina ya chokaa), walilolijenga na kulihama wakipanda juu. Jiwe hilo lina matundu mengi. Msimu mmoja wanalijenga likiwa zito, msimu mwingine likiwa na uwazi zaidi. Mkanda mmoja mzito na mmoja hafifu, kwa pamoja, ni mwaka.

Kwamba ni mwaka kweli, hilo lilithibitishwa kwa njia ya ajabu. Mwaka 1972 Knutson, Buddemeier na Smith walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa matumbawe ya Enewetak, Visiwa vya Marshall, ambako Marekani ililipua mabomu ya nyuklia kati ya 1948 na 1958. Masalia ya milipuko yalikuwa yamenaswa ndani ya jiwe, na tarehe za milipuko zilijulikana. Walipolinganisha tabaka hizo za mionzi na mikanda ya eksirei, hesabu ikaoana.

Kutoka kwenye picha utapata vitu vitatu: urefu ulioongezeka kwa mwaka (sentimita), msongamano wa jiwe (gramu kwa sentimita ya ujazo), na ukivizidisha hivyo viwili, kiasi cha chokaa kilichojengwa kwa mwaka (gramu kwa sentimita ya mraba). Porites mabonge hurefuka kwa kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka, wakati mwingine zaidi, na ndiyo maana wanapendwa: mita moja ya jiwe inakaribia karne.

Vibali, kabla hujalowa

Kenya utahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari, ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania Bara ni COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), pamoja na wasimamizi wa hifadhi za bahari kama eneo lako limo. Zanzibar ina utaratibu wake. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo usikubali mtu akuambie "hiki ni kipande tu, weka begini". Kipande kisicho na karatasi hakivuki mpaka kihalali, hata kama kinaenda maabara. Na mashine ya eksirei iendeshwe na mtaalamu wa mionzi mahali penye leseni. Wasimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomiki kwa Tanzania na KNRA, mamlaka ya nyuklia, kwa Kenya.

Kama unajifunza, omba ruhusa ya kutumia kipande kilichokufa, kilichotupwa ufukweni. Utakosa tarehe ya juu, lakini mkono utazoea.

Kuchagua tumbawe na kulitoboa

Tafuta bonge lenye umbo la kuba, lililosimama wima kwenye sakafu thabiti, lenye ngozi hai mpaka kileleni. Likwepe lenye kichwa bapa kilichokufa katikati na kingo hai pembeni. Hilo limefika usawa wa maji ya kupwa, likaacha kupanda na kuanza kutanuka, na miaka yake ya karibuni imelala ubavuni. Likwepe pia lililojaa matundu ya kome na sifongo wachimbaji. Kila tundu ni shimo kwenye hesabu yako ya msongamano.

Panga siku za maji mafu, mkondo ukiwa umepoa na maji yana nuru. Keekee ya hewa inayoendeshwa na mtungi wa kuzamia inatosha kwa kigogo kifupi (kigogo ni ule mche wa jiwe wa mviringo unaotoka ndani ya tundu). Kwa kigogo cha mita na zaidi utahitaji keekee ya haidroliki na watu waliozoea. Kipenyo cha sentimita 5 hadi 7 kinafaa. Toboa kutoka kileleni kwenda chini, wima, kufuata uelekeo ambao tumbawe lenyewe limekua. Kuba likiinama, wewe uiname nalo.

Ukitoka majini usipumzike kabla hujaandika: tarehe kamili, kina, mahali, na mshale kwenye kigogo unaoonyesha upande wa juu. Kigogo kikikatika vipande, na hukatika, vipe namba papo hapo na uchore mstari mmoja unaopita kwenye vipande vyote ili ujue vilivyogeuka. Tundu ulilotoboa lizibwe kwa kizibo cha saruji kilichotengenezwa nchi kavu. Ngozi ya tumbawe hukifunika kwa wakati wake, na wachimbaji hawapati mlango.

Kuosha na kukausha

Loweka kwenye maji yasiyo na chumvi, badilisha mara kadhaa, chumvi itoke. Ngozi iliyobaki unaweza kuiondoa kwa jiki iliyozimuliwa, isipokuwa kama kigogo hicho hicho kitapelekwa kupimwa kemia. Hapo tumia maji tu, na waulize wenye maabara wanachotaka. Kabla ya kuondoa ngozi, pima unene wake. Utauhitaji mwishoni.

Kisha kausha. Jiwe hili ni kama sifongo: nje limekauka, ndani bado lina maji, na maji huzuia eksirei. Lipime kwenye mizani kila siku. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Oveni ya nyuzi 60 inafupisha siku.

Kukata bamba: hapa usiharakishe

Mafundi wa zamani wa pwani walilijua jiwe hili vizuri kuliko sisi. Porites walilitoa baharini likiwa bichi, wakalichonga mihrabu na miimo ya milango likiwa bado laini, kabla halijakauka na kuwa gumu. Walijua pia kwamba lina mwelekeo, kama mbao. Huo mwelekeo ndio unaoutafuta.

Chukua lenzi ya mkono na utazame ubavu wa kigogo. Utaona vijistari vyembamba vya vyumba vya polipu vikipanda juu. Bamba lako, yaani kipande bapa utakachokikata kutoka kwenye kigogo, linatakiwa lilale sambamba na vijistari hivyo, kuanzia juu hadi chini. Kama huvioni vizuri, kipige kigogo kizima picha ya eksirei kabla ya kukikata, ukigeuze robo, ukipige tena. Upande ambao mikanda inaonekana mikali ndio upande wa kukata. Wenye uwezo wa CT skana hukiona kigogo chote bila kukikata, na kwa kutafuta mwelekeo hakuna kitu bora zaidi.

Kwa nini nasisitiza? Tuseme bamba lako lina unene wa milimita 7 na limepinda nyuzi 30 kutoka kwenye mwelekeo wa ukuaji. Mkanda unaoingia upande wa mbele wa bamba unatokea upande wa nyuma ukiwa umesogea milimita 4, na eksirei inaupiga picha yote kwa pamoja. Kwa tumbawe linalorefuka milimita 12 kwa mwaka, umeuchanganya mwaka na jirani yake kwa zaidi ya robo. Tena umbali kati ya mikanda unaonekana mrefu kwa asilimia 15 kuliko ulivyo. Utaandika kwamba tumbawe lako lina afya njema, kumbe ni msumeno uliopinda.

Mashine ya kukatia marumaru yenye kisu cha almasi na maji inafanya kazi hii vizuri sana. Fundi wa marumaru mwenye mkono mtulivu anaweza kukukatia kuliko mwanafunzi wa shahada. Mweleze tu kwamba hutaki urembo, unataka unene uleule toka mwanzo hadi mwisho. Kama unaweza kupata msumeno wa visu viwili vilivyo sambamba, bora zaidi, kwa sababu pande zote mbili hukatwa kwa mpigo mmoja. Lenga milimita 5 hadi 7. Bamba nene hupoteza makali ya mikanda, jembamba sana huvunjika na kubeba matundu yanayoonekana kama miaka hafifu.

Likishakatwa, lisuuze mpaka vumbi la msumeno litoke kwenye matundu (vumbi hilo ni jiwe lilelile, na eksirei haitofautishi), likaushe tena, halafu pima unene kwa vernia (koleo la kupimia unene) kila baada ya sentimita 2. Andika namba zote. Usiandike wastani peke yake.

Kwenye chumba cha eksirei

Mashine ya kidijitali ya hospitali inatosha. Ile ya kupimia matiti ni bora kwa bamba dogo, kwa kuwa hutumia mionzi laini na ina pikseli ndogo. Za mifugo nazo hufaa. Muhimu ni unachomwomba mtaalamu wa mionzi, kwa sababu yeye amezoea watu, na kila kitu kwenye mashine yake kimepangwa kwa ajili ya kuona mfupa uliovunjika.

Mwombe azime kipimo cha mionzi cha kujiendesha chenyewe, aweke kilovolti na muda kwa mkono, na asivibadilishe kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa mashine ya kawaida anza karibu na kilovolti 50. Wavu wa kuchuja mionzi utolewe. Bamba lilazwe moja kwa moja juu ya kipokezi, kile kibao kinachonasa picha, na chanzo cha mionzi kiwe mbali kadiri inavyowezekana, angalau mita moja. Mita moja juu, pointi iliyo sentimita 20 kutoka katikati inapata mionzi pungufu kwa asilimia 4 hivi kwa sababu ya umbali peke yake, na mionzi inaliingia bamba kwa mshazari. Ukishusha chanzo, makosa yote mawili yanakua.

Kuna kosa la tatu, nalo limo ndani ya mashine: mrija unaotoa mionzi una ncha mbili, anodi na katodi, na mionzi upande wa anodi huwa hafifu kuliko upande wa katodi. Ukilaza bamba kufuata mhimili wa kutoka anodi kwenda katodi, utaona msongamano ukipanda taratibu kadiri miaka inavyopita, na utaamini umegundua jambo. Laza bamba likikingama mhimili huo. Kisha piga picha moja tupu, bila bamba, kwa mipangilio ileile. Ndiyo utakayoitumia kusawazisha mwanga baadaye.

Ndani ya kila picha, bila kuacha hata moja, weka vitu vitatu: rula ya chuma, ngazi ya alumini yenye vidato vya unene unaojulikana, na vipande vya kulinganishia. Alumini inakuonyesha kama mashine imebadilika kati ya picha na picha, ila haizuii mionzi sawasawa na aragonaiti. Kwa hiyo kata vipande vitano au sita vya mstatili kutoka kwenye tumbawe la aina ileile, pima pande zake, vipime uzito, uandike msongamano wa kila kimoja. Kipande cha sentimita 2 kwa 2, unene sentimita 0.7, chenye gramu 3.64, kina msongamano wa 1.30. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, lakini ndiyo nguzo ya kazi yote.

Bamba likiwa refu kuliko kipokezi, piga picha zinazopishana kwa sentimita 5.

Halafu faili. Mara ya kwanza nilipopeleka mabamba hospitali nilirudi na picha nzuri mno, mikanda mikali kama imechorwa kwa rula. Nilizikuza, nikazifurahia, nikaanza kupima, na kila mkanda mzito ulikuwa na ukingo mweusi pembeni yake ambao jiwe halikuwa nao. Programu ya mashine ilikuwa imezipamba picha, kunoa kingo, ili daktari aone ufa. Kwa kuhesabu miaka zingefaa. Kwa msongamano zilikuwa takataka, na hatukuwa tumehifadhi za asili. Omba data ghafi katika DICOM, muundo wa faili za picha za hospitali, bila kunolewa wala kusawazishwa, na uzifungue hapohapo kabla hujaaga. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ni ya kumtumia mama, si ya kupimia.

Kutoa namba

ImageJ ni programu ya bure na inatosha. Fungua faili ikiwa na biti 16, weka kipimo kwa kutumia rula iliyomo kwenye picha, sawazisha kwa ile picha tupu. Angalia kwanza ipi ni nyeupe: kwenye skrini ya hospitali jiwe zito ni jeupe kama mfupa, lakini machapisho mengi huigeuza picha na zito likawa jeusi. Liandike hilo kwenye maelezo ya picha yako. Nimeona watu wazima wakibishana saa nzima juu ya msimu wa mkanda kumbe kila mmoja ana picha iliyogeuzwa kinyume cha mwenzake.

Chora mstari kutoka juu kwenda chini kufuata vijistari vya polipu, upana wa milimita 3 hadi 5, ili tundu moja lisikuyumbishe. Mstari ukitoka kwenye mwelekeo wa ukuaji, ukate hapo na uanze mwingine pembeni, ukiufuata mkanda uleule kuvuka.

Mionzi haipungui kwa mstari ulionyooka. Gawanya thamani ya picha tupu kwa thamani ya bamba mahali palepale, kisha chukua logi asilia ya jibu. Fanya hivyo pia kwa vile vipande vya kulinganishia, uchore grafu yake dhidi ya gramu zake kwa sentimita ya mraba. Grafu hiyo ndiyo kamusi yako: kila pointi ya bamba inageuka kuwa gramu kwa sentimita ya mraba. Gawa kwa unene wa mahali hapo, umepata msongamano.

Mfano: grafu inatoa 0.91 na bamba lina sentimita 0.70. Msongamano ni 1.30. Kama mwaka huo tumbawe lilirefuka sentimita 1.2, limejenga gramu 1.56 kwa sentimita ya mraba. Sasa tuseme ulizembea vernia, na mahali hapo unene ulikuwa 0.65. Msongamano halisi ni 1.40. Kosa la nusu milimita limekula karibu asilimia 8, zaidi ya mabadiliko mengi ambayo watu huyatangaza kwa fahari.

Kuhesabu miaka

Tarehe unayoijua ni moja tu: siku uliyotoboa. Anzia hapo kwenda chini. Pima kutoka kilele cha mkanda mzito hadi kilele cha mkanda mzito unaofuata. Usipime kutoka kingo, kwa sababu kingo hubadilika ukigusa mwanga wa skrini.

Mwaka wa juu kabisa utupe. Haujakamilika, na ndani ya unene wa ngozi polipu bado wanaongeza jiwe, hivyo msongamano wa pale si wa mwisho. Mambo haya yana uzito. Mwaka 2009 De'ath, Lough na Fabricius walichapisha vipimo vya matumbawe 328 ya Porites kutoka miamba 69 ya Great Barrier Reef, Australia, wakaona ujenzi wa chokaa umeshuka kwa asilimia 14.2 tangu 1990. Wengine wakahoji, na sehemu ya mabishano ilikuwa hiyohiyo: tabaka za mwisho na umri wa tumbawe vishughulikiwe vipi. Nani yuko sahihi si kazi ya mwongozo huu, lakini ukiona watafiti wa kiwango hicho wanavutana juu ya milimita za juu, nawe zichunge.

Mikanda hudanganya kwa njia mbili. Upo mwaka usioacha alama, na upo mwaka unaoacha mbili. Pwani yetu maji hupata joto mwisho wa kaskazi, Machi na Aprili, na hupoa kusi linapokolea, Julai hadi Septemba. Lakini usidhani mkanda mzito ni wa msimu fulani kwa sababu kitabu cha Australia kimesema hivyo. Uthibitishe kwa tumbawe lako, kwa tarehe ya kutoboa na unene wa ngozi. Pima mistari mitatu kwenye bamba moja, na mabonge mawili au matatu kwenye mwamba mmoja. Mwaka unaokosekana kwenye bonge moja hujitokeza kwenye jirani.

Zitafute alama za matukio. Joto kali la 1998 liliua matumbawe mengi Afrika Mashariki, na bonge lililonusurika msukosuko wa namna hiyo linaweza kubaki na mstari mwembamba, mzito kupita kawaida. Ukiukuta mahali ambapo hesabu yako inasema 1998, vizuri. Ukiukuta 1995, rudia hesabu kabla hujaanza kuandika juu ya janga jipya. Karibu na mito una msaada mwingine: weka bamba chini ya taa ya urujuanimno gizani, na miaka ya mafuriko inaweza kung'aa kwa mistari ya samawati. Malindi, ambako mto Sabaki humwaga tope lake, jiwe limekwishaonyesha linavyoweza kukumbuka. Kigogo kimoja cha hapo, kilichochapishwa mwaka 2000, kilitoa kumbukumbu ya joto la bahari kuanzia 1801 hadi 1994, na utafiti mwingine wa hapo, mwaka 2007, ukaonyesha kwa madini ya bariamu jinsi udongo wa bara ulivyozidi kumomonyoka tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Mpe mtu wa pili picha hizo ahesabu bila kuona jibu lako. Mkitofautiana kwa mwaka mmoja katika hamsini, andikeni tofauti hiyo. Mkitofautiana kwa mitano, tatizo liko kwenye bamba, na mara nyingi dawa ni kurudi kwenye nusu ya kigogo iliyobaki na kukata lingine, nyuzi chache pembeni. Ndiyo maana nusu hiyo haitupwi: ifunge kwenye gazeti, mshale wa juu uonekane, namba ya kigogo iandikwe kwa penseli juu ya jiwe lenyewe, maana lebo za karatasi huliwa na mende.